H Yenye Kivuli

Mtaani walimwita Fundi Herufi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama mkwe na kwenye kadi ya kliniki. Alikuwa mchora mabango. Ukiona ukuta wa saluni una mwanamke ambaye nywele zake zinapepea upande usio na upepo, ni yeye huyo. Ukiona pameandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, na herufi zimenenepa kwa kiburi kama mwenye nyumba mwenyewe, ni yeye tena. Kibanda chake chenyewe hakikuwa na bango, maana mganga hajigangi, na waliomhitaji walifuata harufu ya rangi wakamkuta.

Alijivunia mambo mawili. La kwanza ni kivuli. Hakuna herufi iliyotoka mkononi mwake bila kuchorewa kivuli upande wa kulia, ikasimama ukutani kana kwamba inataka kutoka na kwenda zake. La pili ni rangi ya mafuta aliyoichanganya mwenyewe nyuma ya kibanda, akiapa kwamba ukuta utaanguka kabla rangi haijafutika.

Kasoro yake ilikuwa moja, na watu waliisamehe kwa sababu haikuwa na ubaya ndani yake: hakuweza kusikiliza sentensi hadi mwisho. Ukianza kusema, yeye ameshachovya brashi. Mwenye mgahawa mmoja alitaka USIEGESHE GARI HAPA USIKU. Alipata USIEGESHE GARI HAPA, na wateja wake wa mchana wakahamia kwa jirani.

Mtu huyu alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, ambaye hakuwahi kuzaa lakini alijua kulea kuliko wengi waliozaa. Shangazi alikuwa mshona magodoro na mito. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye kichochoro kinachoteremka ziwani, imekaa pembeni, juu ya mwinuko wa mawe, na mwaka mzima ilikuwa na vumbi jeupe la sufi ya kujazia mito: kwenye vikombe, kwenye nyusi, kwenye mkia wa paka. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hodi. Aliyeingia bila kubisha alirudishwa nje akaanze upya, hata kama amejitwika ndoo ya maji. Fundi Herufi peke yake ndiye aliyeingia anavyotaka, maana mtoto wa nyumba habishi hodi kwao.

Na ziwa? Ziwa lilikuwa la nchi tatu, na cha watatu mnakijua: kila mmoja anakunywa, hakuna anayeosha kikombe. Mafunjo yaliyokuwa yamelizunguka kama ukosi wa shati yalikatwa kidogo kidogo, hapa bustani ya mboga, pale mahali pa kuoshea magari, pale nyumba, na nyumba ya mdogo wake mwenye nyumba. Maji yakageuka rangi ya chai iliyolala. Magugu yakatanda. Samaki wakapungua hadi watoto wakawa wanawajua kwa picha za kitabuni. Kila serikali ilizitazama zile mbili nyingine na kusubiri zianze.

Mwisho zikakaa meza moja. Walichokubaliana kikateremka kutoka ukumbi hadi ukumbi, kikazidi kufupishwa kila kilipofika, hadi kikaingia darasani katika shule ya mtaa, mdomoni mwa afisa mmoja mwanamke aliyevaa buti za mvua wakati wa jua kali. Kiunoni alining'iniza futi kamba, ndiyo maana kabla kikao hakijaisha alikuwa ameshaitwa Mama Futi.

"Mafunjo ni chujio," aliwaambia. "Uchafu wa mji ukipita humo, unabaki humo, maji yanaingia ziwani yamesafika. Tumekata chujio, sasa tunakunywa machicha. Nchi zote tatu zinarudisha mafunjo ukingoni, mwaka huu huu. Tunataka ziwa lirudi."

"Kwani lilikwenda wapi?" aliuliza mzee mmoja.

"Lilisogea."

"Basi likirudi litatukuta tumelala kitandani kwake," alisema mzee, na watu wakacheka, ingawa kila mmoja alicheka huku akiipima nyumba yake kichwani.

Fundi Herufi alikuwepo kwenye kikao hicho kwa macho tu. Muda wote alilitazama bango la mradi lililotundikwa ubaoni, ambalo herufi zake zilikuwa zimebanana kama abiria, na moyo ulimuuma hadi hakusikia kitu. Kilipokwisha alimfuata afisa kumweleza kwamba bango lile ni aibu kwa nchi tatu. Afisa akamtazama mikono yenye rangi, akasema kumbe ndiye aliyekuwa akimtafuta.

Kesho yake walianza kuteremka kichochoro, afisa na futi kamba yake mbele, fundi na kopo la rangi nyekundu nyuma.

"Naandika nini?"

"H. Kwenye kila nyumba nitakayokuonyesha."

"H peke yake?"

"Peke yake. Na bila mapambo, Fundi."

"Hata kivuli?"

"Hata kivuli."

Ilimwingia vibaya. Kuandika herufi moja bila kivuli kulikuwa sawa na kualikwa karamuni ukaoshe masufuria. Lakini kazi ni kazi, akauliza, "Na hiyo H ni ya nini?"

"Hifadhi," alisema Mama Futi, na simu yake ikaanza kulia mfukoni. "Nyumba ikiangukia ndani ya hifadhi ya ziwa, maana yake..."

Fundi alikuwa ameshachovya brashi.

Kwa nini aulize zaidi? Hifadhi lilikuwa neno la dua. Tangu akiwa na kaptula ya shule, Shangazi alimsindikiza nalo mlangoni kila asubuhi: Mungu akuhifadhi, mwanangu. Sasa serikali nayo imeanza kuhifadhi watu, jambo jema. Akaandika H kwa moyo mkunjufu, ukuta baada ya ukuta, na wenye nyumba walipotoka kuuliza aliwajibu kama mtu aliyetoka kwa waziri. Maana mtaa ulikuwa umeshachanganyikiwa. Wengine walisema H ni Hama. Wengine walisema ni Halali. Kinyozi alisema ni Hakuna shida, akaendelea kunyoa.

"Ni Hifadhi," aliwaambia Fundi Herufi. "Nimeambiwa na mwenyewe. Nyumba yako inalindwa."

Wakapumua. Mmoja alimletea kiti.

Walifika nyumba ya Mama Pacha, chini ya mwinuko, na hapo futi kamba ikafika mwisho. Mama Pacha alikuwa jirani na mteja wa Shangazi kwa miaka isiyohesabika, na pacha wake walishakua wakaenda zao. Fundi aliandika H, akatazama juu.

"Na ile pale?"

"Ile haimo," alisema afisa, akikunja futi kamba. "Ipo juu ya mawe, maji hayafiki. Tumemaliza."

Haimo. Kichochoro kizima kinalindwa, na mwanamke aliyemlea ndiye pekee aliyeachwa nje ya ulinzi. Fundi alitaka kubisha, lakini gari la mradi lilikuwa limeshawaka, na yeye aliyezoea kukatiza sentensi za watu safari hii hakuipata hata ya kuanzia.

Alasiri alirudi na kopo lililobaki. Shangazi alikuwa amekwenda kupeleka mito. Fundi akaingia uani kama alivyozoea, akachagua mahali pazuri kando ya mlango, akaandika H. Na kwa kuwa hapakuwa na afisa wa kumkataza, akaitia kivuli. Alipoona imependeza akaizungushia na mkia kidogo kwenye mguu wa kulia. Haikuwapo H nyingine ya namna ile kwenye kingo zote za ziwa.

Shangazi aliporudi aliikuta haijakauka.

"Mkono ni wako," alisema.

"Mkono wangu, amri yao," alijibu Fundi, na huo ulikuwa uongo mdogo, wa aina ambayo mtu humdanganya mgonjwa. "Ni hifadhi, Shangazi. Na wewe umo."

"Hiyo serikali yako haikubisha hodi."

"Haijui."

"Ingejifunza," alisema Shangazi, akaigusa H kwa ncha ya kidole, akaingia ndani.

Baada ya hapo Fundi Herufi alipata kazi ng'ambo ya mji, kwenye shule kubwa iliyotaka ukuta wake wote uandikwe mawaidha. Akawa analala huko huko. Mtaani kwake kikaitishwa kikao cha pili, na mambo yote yaliyokuwa na ukungu yakasemwa waziwazi, nyumba kwa nyumba. Shangazi alikuwepo. Mama Pacha alikuwepo. Fundi siku hiyo alikuwa juu ya ngazi, akimalizia kivuli kwenye maneno KUULIZA SI UJINGA.

Aliporudi alimkuta Mama Pacha anang'oa bawaba za mlango wake.

"Unabadilisha mlango, mama?"

"Nahama."

"Unahama vipi na una H?"

Mama Pacha aliweka bisibisi chini. "Fundi, uliyeandika ni wewe, halafu unaniuliza mimi? Wote wenye H tunaondoka. Tumejengewa kule juu, ng'ambo ya barabara. Hapa panavunjwa, yanapandwa mafunjo."

"Lakini hifadhi si ni kulinda?"

"Ni kulinda, ndiyo. Linalolindwa ni ziwa, baba. Na linalindwa dhidi yetu."

Fundi aliitazama H ukutani. Neno alilolijua tangu utotoni lilikuwa limegeuka mikononi mwake, na hakuona limegeukia wapi. Akainua macho mwinukoni. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, magunia yamefungwa kando yake, anafuta macho kwa pindo la kanga. Alifuta, akapiga chafya, akafuta tena.

Analia, alijiambia Fundi. Analia, na aliyemliza ni mimi. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu alikuwa amechuma la kwake na kwenda kulipika nyumbani kwa mwingine kabisa. Angepanda ile ngazi ya mawe akasema naye, mambo yangeishia hapo na mimi nisingekuwa na hadithi. Hakupanda. Aibu ilimgeuza, miguu ikampeleka ofisini kwa Mama Futi mbio.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mabeseni mengi kuliko viti, na kila beseni lilikuwa na miche ya mafunjo imesimama kwenye tope. Afisa alikuwa anainyunyizia maji kwa kikombe.

"Nimeandika H ambayo hukuniagiza," alisema Fundi. "Kule mwinukoni."

"Ile yenye kivuli?" Mama Futi aliketi ukingoni mwa meza. "Kumbe. Niliiona, nikajiuliza nimeipima lini. Nikasema labda nilipima nikasahau. Nimempangia na nyumba. Kwa nini umefanya hivyo?"

"Kwa mapenzi."

"Fundi, mradi huu wa nchi tatu hauna fungu la mapenzi."

Lakini hakuwa mtu mbaya. Alifungua ramani, akaweka kidole kwenye ile nyumba ya juu ya mawe, akatikisa kichwa. Kweli haikuwamo. Akasema ataiondoa huku ofisini, na fundi naye akaifute kule ukutani, upesi, kabla gari la kuhamisha halijapita. Fundi alimshukuru hadi akamkanyagia beseni.

Shangazi hakuwepo alipofika. Afadhali, aliwaza, atarudi akute mambo yamenyooka. Akaanza na kitambaa na mafuta ya taa, rangi ikamcheka. Akachukua msasa, akasugua hadi mabega yakawaka, akiilaani rangi ile na aliyeichanganya. Ilipotoka ilitoka na lipu yake, ikaacha baka jeupe ukutani kama kovu. Kivuli ndicho kilichokuwa cha mwisho kwenda.

Alikuwa anapangusa vumbi aliposikia vicheko kwenye ngazi ya mawe. Shangazi na Mama Pacha walikuwa wanapanda, wameshikana mikono, mmoja anamwambia mwenzake habari za bomba la maji. Shangazi akafika juu, akaona ukuta. Kicheko kikakatika.

"Alama yangu iko wapi?"

"Nimeifuta, Shangazi." Alitabasamu kabisa, maskini. "Huendi popote. Nyumba yako haikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Niliandika mimi, kwa kutojua. Nimekwenda nimesema ukweli, wamekuondoa."

Mama Pacha alikumbuka ana jambo la kufanya chini, akashuka.

Shangazi aliketi juu ya gunia. "Wamenitoa?"

"Wamekutoa. Nilikuona unalia, sikuweza kuvumilia."

"Nililia lini?"

"Leo hii. Hapo hapo. Ulikuwa unafuta macho."

"Sufi hiyo," alisema Shangazi polepole. "Nilikuwa nafungasha, ikaniingia machoni. Kila nikifungasha sufi macho yanatoka maji, na wewe umekulia humu ndani unajua." Akapangusa nyusi. "Nyumba yangu kule ilikuwa ubavu kwa ubavu na ya Mama Pacha. Tumetoka kuiona sasa hivi. Nimeshachagua dirisha la kukaa nikishona."

"Lakini hii ndiyo nyumba yako. Unaipenda."

"Naipenda. Nilipotoka kwenye kile kikao nililia ndani humu, peke yangu, nikamaliza. Nilipomaliza ndipo nikaanza kufunga magunia." Alikitazama kichochoro chote, milango iliyong'olewa, vyombo vilivyorundikwa nje. "Wote wanakwenda, mwanangu. Mimi nitamshonea nani magodoro hapa? Vyura?"

Fundi Herufi aliokota msasa wake, akashuka. Alijaribu kulifuata jambo lile kutoka mwanzo, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi, na kila alipodhani ameishika ilikuwa ncha nyingine. Alimwandikia H ili imlinde, kumbe H ni ya kuondolewa. Akaifuta ili imlinde, kumbe kuondoka ndiko alikokuwa amekuchagua. Kosa lilimpa nyumba, ukweli ukamnyang'anya. Alikuwa amemwokoa mara mbili, na mara zote mbili mtu aliyeokolewa alitoka hasara. Aliporudi nyumbani mkewe alimuuliza ana nini, akasema hajui. Mkewe akamwambia basi leo amesema kweli.

Malori yakaja. Watu wakapakia vitanda, mapipa, kuku, na H zikabaki kwenye kuta tupu. Kisha ikaja mashine, kuta zikalala moja baada ya nyingine, na fundi akaona kwa macho yake kwamba alikuwa amesema kweli tangu zamani: ukuta ulianguka kabla ya rangi yake. Hakufurahi.

Alirudi kwa Mama Futi. Afisa alikuwa na tope hadi magotini.

"Juzi ulisema nyumba ile imeandikwa kwa kosa," alisema. "Leo unasemaje?"

"Leo sijui, mama."

"Unataka nimrudishe?"

"Sijui. Yeye alitaka. Nadhani alitaka. Nilivyomdhania mwanzo haikuwa hivyo, sasa naogopa kudhani."

Mama Futi alinawa mikono ndani ya beseni lisilokuwa na mche. "Ipo nyumba moja haijapewa mtu. Siyo ile ya dirisha, ile imeshachukuliwa. Ni ya safu ya nyuma. Naweza kumwombea, nikisema atabaki peke yake ukingoni. Lakini sikiliza, na usikilize hadi mwisho." Alingoja hadi fundi akaweka mikono nyuma. "Kila siku nakuona wewe. Unakuja kumwandikisha, unakuja kumfuta. Mwenye nyumba mwenyewe sijawahi kumsikia. Aje aniambie kwa mdomo wake anachotaka. Akitaka kubaki, abaki. Akitaka kuhama, ahame. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Fundi akarudia neno kwa neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Kichochoro hakikuwepo tena. Palikuwa na kifusi, kisha tope jeusi, kisha wanawake wa kibarua wakipanda mafunjo kwa mistari, na ng'ambo yao ziwa lote, wazi. Kutoka nyumba ya juu ya mawe halikuwahi kuonekana. Miaka yote ile lilikuwa nyuma ya paa refu la nyumba ya Mama Pacha. Moshi mwembamba ulitoka jikoni kwa Shangazi, na mlango ulikuwa wazi kama kawaida.

Fundi alipanda ngazi ya mawe. Alipofika kizingitini mguu ulitaka kuingia wenyewe. Akaurudisha.

"Hodi," alisema.

Cherehani ilikuwa inalia, ikasimama.

"Nani?"

"Mimi."

Shangazi alitokeza na sindano mdomoni, sufi kwenye nyusi. Akamtazama mikono, akaona haina brashi wala msasa.

"Umekuja kuandika au kufuta?"

"Nimekuja kuuliza," alisema Fundi Herufi. Akamweleza yote aliyoambiwa, safu ya nyuma, dirisha lililokwisha kuchukuliwa, hakuacha kitu. "Unataka kuhama, Shangazi, au unataka kubaki?"

Shangazi alitoa sindano mdomoni. Akatazama kule juu, ng'ambo ya barabara, ambako mabati mapya yalikuwa yanawaka jua. Akatazama chini, kwenye maji.

"Ungeniuliza siku ile ulipokuja na kopo ningekujibu," alisema. "Ungeniuliza na siku ya msasa ningekujibu, na jibu lingekuwa jingine. Leo sijui."

Akasogeza gunia la sufi kando, ikapatikana nafasi ya mtu wa pili.

"Karibu," alisema. "Kaa hapo. Na usiseme kitu mpaka nimalize kufikiri."